Hita ya hewa ya jua: bati linafika 95°C ila hewa inatoka na 37°C tu, joto linakwama wapi?

BatiJeusi:

Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie maana wiki ya tatu sasa nahangaika na hii kitu na naona nazunguka pale pale. Nimetengeneza hita ya hewa ya jua, boksi la plaiwudi upana mita 1 urefu mita 2, kina cha ndani sentimita 10, juu kioo cha milimita 4, chini nimetandika foamu nyeupe ile ya kufungashia vitu vya umeme unene sentimita 2, juu ya foamu nimelaza bati nimelipiga rangi nyeusi isiyong'aa. Hewa inapita juu ya bati, yaani kati ya bati na kioo. Inaingia kwenye tundu la kona ya chini kushoto kwa feni ya kompyuta ya volti 12, ile ya sentimita 12, inatokea tundu la kona ya juu kulia.

Sasa shida yenyewe. Jua likiwa limewaka vizuri (nimeazima kipimo, kinasoma wati 800 kwa mita ya mraba) nimegusisha sensa kwenye bati nikapata 95°C, kuna kona moja ilifika 108. Hewa inaingia na 24 inatoka na 37. Digrii 13 tu! Bati linachoma mkono alafu hewa inatoka vuguvugu, yaani inauma ukiona joto lote lile limekaa hapo hapo na hewa inapita pembeni yake kama haijaliona.

Nikajaribu kupunguza spidi ya feni, hewa ikapanda hadi 52°C. Nikafurahi nikajua hapo ndo penyewe, ila rafiki yangu mmoja akaniambia sijaongeza kitu, tumebishana mpaka usiku. Nani yuko sahihi, na nifanye nini hewa ichukue joto zaidi kwenye bati? Nimefikiria kununua rangi nyeusi ya bei zaidi au kuweka vioo viwili, sijaamua.

---

mwalimu_joto:

Karibu BatiJeusi, na hongera kwa kupima vitu kabla ya kuuliza, wengi wanakuja na "haipati moto" basi.

Kabla ya yote tunahitaji namba moja ambayo hujaitoa, hewa kiasi gani inapita. Bila hiyo wewe na rafiki yako mtabishana mpaka kesho kutwa. Chukua mfuko mkubwa wa plastiki wa taka, wa lita 200 hivi, ukunje utoe hewa yote, uvishe kwenye tundu la kutokea hewa kisha hesabu sekunde mpaka ujae, bila kuukaza maana ukikaza unaisukuma hewa irudi. Fanya hivyo feni ikiwa kasi na ikiwa taratibu, mara tano tano, chukua wastani. Alafu hakikisha sensa ya hewa inayotoka haipigwi na jua na haiangalii bati moja kwa moja, ikikaa wazi inapokea mionzi na inakudanganya digrii kadhaa.

Ukishapata, zidisha: kilo za hewa kwa sekunde, mara 1005 (jouli zinazohitajika kupasha kilo moja ya hewa digrii moja), mara digrii zilizopanda. Hizo ndo wati zako.

---

BatiJeusi:

Mwalimu nimefanya leo mchana. Feni kasi mfuko unajaa sekunde 11, feni taratibu sekunde 28. Sensa nimeikingia kipande cha foili, haikubadilika sana, nusu digrii.

---

mwalimu_joto:

Safi sana, twende kwenye hesabu basi.

Feni kasi: lita 200 kwa sekunde 11 ni lita 18 kwa sekunde, hewa ya 37°C kila mita ya ujazo ina kilo 1.14 hivi, kwa hiyo unapitisha kilo 0.0207 kwa sekunde. Mara 1005 mara 13 unapata kama wati 270. Feni taratibu: lita 7 na kidogo, hewa ya 52°C ni nyepesi zaidi, kama kilo 0.0078 kwa sekunde, mara 1005 mara 28, wati 220. Umeona? Hewa ilitoka na moto zaidi lakini joto ulilovuna limepungua. Rafiki yako yuko sahihi, tena si kwamba hujaongeza, umepoteza wati 50.

Na jua linakupa wati 1600 kwenye mita zako 2 za mraba. Unavuna asilimia 17. Zile zingine zimeenda wapi? Kioo kinakula kidogo na rangi inarudisha kidogo, tuseme bati linameza kama 1280. Ukitoa 270 unabaki na wati elfu moja na ushee zinazorudi nje kupitia kioo, foamu na mbao, na zinarudi KWA SABABU bati ni la moto. Hapa ndo watu wengi tunapopotea. Bati la 95°C linaonekana kama hita inafanya kazi kweli kweli, kumbe ni joto lililokosa mtu wa kulibeba, likabaki linatafuta njia ya kutoka nje. Hita nzuri ya hewa ukigusa bati lake jua la mchana feni ikiwa inafanya kazi utalikuta la wastani tu.

Kwa hiyo rangi ya bei usinunue, hiyo yako nyeusi isiyong'aa tayari inameza kama asilimia 95. Vioo viwili navyo vinasaidia unapotaka hewa ya moto sana au kukiwa na baridi kali nje, ila vinapunguza mwanga unaoingia na haviondoi ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ni kwamba joto haliondoki kwenye bati kwenda kwenye hewa.

Kwa nini haliondoki? Hewa ni mbebaji dhaifu jamani. Lita ya maji inabeba joto kama mara 3500 ya lita ya hewa kwa kila digrii, na joto kupenya ndani ya hewa iliyotulia ni shida, uwezo wake wa kupitisha joto ni 0.026 wakati wa maji ni 0.6. Sasa hewa inayopita karibu kabisa na bati haiendi, imeshikwa na bati, inatulia pale kama shuka jembamba limelifunika. Joto lazima lipenye hilo shuka kwanza. Kila unachosikia kuhusu kuboresha hizi hita, mbavu, mapezi, nyavu, vyote ni namna ya kulichana hilo shuka, kulifanya jembamba, au kuongeza eneo linaloguswa na hewa.

Kwa boksi lako adui wa kwanza ni ule mwanya wa sentimita 10. Hewa yako inatembea taratibu mno, chini ya sentimita 20 kwa sekunde. Nimekupigia nambari ya Reynolds (inayoonyesha kama hewa inapita kwa utulivu au inavurugika) inakuja kama 1900, chini ya 2300, maana yake hewa inateleza kwa tabaka zilizonyooka, ya juu inapita juu na ya chini inabaki chini, hazichanganyiki. Kinachokusaidia saa hizi ni hewa moto kupanda yenyewe tu.

Angalia hii. Chukua hita ile ile ya mita 1 kwa 2, pitisha kilo 0.06 kwa sekunde. Mwanya ukiwa sentimita 5, bati linatoa kama wati 5 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti kati yake na hewa. Mwanya ukiwa sentimita 2.5, hewa ile ile, inakuwa kama wati 9.4. Umepunguza nusu, kupokea joto kumekuwa karibu mara mbili, bila kuongeza hewa. Ila msuguano unapanda mara nane, kutoka kama nusu paskali (kipimo cha shinikizo ambalo feni inabidi ilishinde) hadi karibu 4. Kwenye mwanya wa sentimita 2.5 hizo paskali bado ni chache, feni ya kawaida inaziweza, ila ukienda sentimita 1 kwa tamaa zinapanda tena mara 15 na ushee na feni yako ya kompyuta itabaki inazungusha mapanga tu hewa haiendi.

---

Fundi_Hewa:

Mwalimu kamaliza upande wa hesabu, mi niongeze upande wa mikono maana nimejenga hizi nyingi.

Kwanza hamisha njia ya hewa, usiipitishe juu ya bati. Nyanyua bati, hewa ipite CHINI ya bati, kati ya bati na bati lingine la pili la chini, mwanya sentimita 2.5. Juu ya bati acha hewa iliyotulia sentimita 2 na nusu hivi mpaka kwenye kioo, hiyo inakuwa kama blanketi. Sasa hivi hewa yako ya moto inasugua kioo njia nzima na kioo ni cha baridi, yaani unachota maji kwa ndoo inayovuja.

Pili zile kona. Kuingiza kona moja na kutoa kona ya pili unafanya hewa ikate mshazari, kona mbili zinabaki zimekufa, ndo hiyo 108 yako. Bandika vipande vya uzi kwa gundi kwenye bati sehemu sehemu kabla hujafunga kioo, funika na plastiki angavu, washa feni uangalie uzi upi unacheza na upi umelala. Ukiona mara moja utaelewa. Dawa yake tengeneza chumba cha kugawia hewa upana wote wa boksi, mwanzo na mwisho, hewa iingie kwenye mwanya kupitia mfereji wa mita 1 nzima badala ya tundu. Mi huwa naweka ubao wenye matundu madogo madogo kabla ya mwanya, hewa inalazimika kusambaa kwanza.

Tatu ndo utamu wenyewe, mbavu. Unagandisha waya mwembamba kwenye bati upande unaopita hewa, waya unakatiza njia ya hewa. Hewa ikifika kwenye waya inaruka, inaenda kutua mbele kwa umbali kama mara 6 hadi 8 ya kimo cha waya, na pale inapotua ndo lile shuka la mwalimu linachanika. Ukiweka waya karibu karibu mno hewa haipati nafasi ya kutua inaruka tu juu kwa juu, ukiweka mbali mno shuka linajirudishia. Kipimo ambacho kinarudi kila mara ni nafasi iwe kama mara 10 ya kimo. Kwa mwanya wa sentimita 2.5 mi natumia waya wa milimita 1.5, kila baada ya milimita 15. Mambo haya watafiti Prasad na Saini waliyapima vizuri India mwaka 1988 na toka hapo watu wamejaribu kila umbo, waya ulionyooka, uliolala, wa umbo la V. Umbo la V lenye pembe kama 60 na njia ya hewa linashinda waya ulionyooka maana linaisukuma hewa izunguke pembeni pia, ila kulikunja kwa mkono mita 2 nzima ni kazi.

Kitu kimoja wengi hawajui, waya wa mbavu hauhitaji kugusana na bati vizuri kijoto. Kazi yake ni kuivuruga hewa, si kubeba joto, kwa hiyo gundi inayostahimili joto inatosha mradi usitikisike. Mapezi ni habari nyingine kabisa. Pezi kazi yake ni kulitoa joto ndani ya bati na kulipeleka kwenye hewa, sasa ukilishika na gundi au rivet mbili tatu linakaa baridi huku bati linaungua, umeongeza msuguano bure. Mapezi uchomelee au ukunje bati lenyewe, la sivyo acha.

Na mbavu weka upande wa bati linalopigwa na jua TU. Nimeona mtu kaweka juu na chini, za chini zinamlisha feni kazi bila faida ya maana.

---

WavuWaya:

Nawasalimu. Naheshimu mbavu ila nauliza, waya 130 na kitu kugandisha mmoja mmoja ili upate mara mbili? Kuna njia nyepesi sana. Tupa bati lote, weka wavu wa dirisha wa chuma, ule wa kuzuia wadudu, rangi nyeusi, tabaka mbili au tatu zimeachana sentimita 1 au 2, uziinamishe kutoka chini upande wa kuingilia hadi juu upande wa kutokea, hewa ilazimike KUPENYA kwenye wavu badala ya kusugua juu ya bati. Kila uzi wa wavu ni mwembamba sana, lile shuka halipati pa kujikusanyia, na eneo linaloguswa na hewa ni kubwa. Mwanga unaopenya tabaka ya kwanza unadakwa na ya pili na ya tatu. Tena hewa iingie upande wa kioo, ipenye kwenda chini, hapo kioo kinaguswa na hewa baridi na hewa iliyopata moto iko nyuma ya wavu mbali na kioo, na huwezi kukuta kona ya digrii mia na nane. Nimejenga hivyo mara nne sijawahi kujuta.

---

Fundi_Hewa:

Mkuu WavuWaya sikupingi kwenye joto, wavu unatoa vizuri na kwa mtu wa kujenga wikendi moja ni mzuri sana. Shida yangu ni mbili. Vumbi. Hewa ya nje inapita kwenye matundu madogo mwaka mzima, bila kichujio wavu unaziba taratibu na unakuwa wa kijivu, na kufungua kioo kuusafisha ni shughuli. Ya pili ni wavu wenyewe umetengenezwa na nini, kuna nyavu nyingi siku hizi ni za nyuzi za glasi zimepakwa plastiki, feni ikizima jua kali zinalegea na kutoa harufu, na kama hewa yenyewe inaenda kwa watu au kwenye kitu cha kuliwa hiyo si ya kuchukulia kirahisi. Mtu aangalie ni chuma au alumini kweli.

---

WavuWaya:

Hapo kwenye nyuzi za glasi umesema kweli kabisa, niliwahi kukosea mwanzo nikanunua hizo. Choma kipande kidogo na kiberiti kabla ya kununua, cha chuma hakitoi moshi. Vumbi mi naweka kitambaa cha kichujio kwenye tundu la kuingilia, nakikung'uta kila mwezi.

---

Kizibo77:

Mmeongelea hewa na bati vizuri, sasa mi naongelea mambo ambayo hayapendezi ila yanakula wati.

Hiyo foamu nyeupe itoe leo. Nasema leo. Ikifika 80 na kuendelea inaanza kulegea na kusinyaa, na siku feni ikizima umeme umekatika jua liko juu bati linavuka 100 bila shida, utakuta foamu imeyeyuka imeacha shimo chini ya bati. Weka sufi ya mawe au sufi ya glasi sentimita 5, na pembeni za boksi pia, watu wanasahau pembeni. Sufi ifunikwe na bati la chini ili nyuzi zake zisiingie kwenye hewa.

Mivujo. Feni yako inasukuma hewa ndani kwa hiyo kila upenyo mdogo unatoa nje hewa uliyokwisha kuilipia kwa jua. Ukihamisha feni ikavuta kutoka upande wa kutokea, upenyo unaingiza hewa baridi badala ya kutoa ya moto, nayo inaharibu, ila angalau haupulizi moto nje. Ila feni ikiwa upande wa moto hakikisha beringi zake zinavumilia. Silikoni ya joto kwenye kila kona, na kioo kikae kwenye mpira, usikibane na mbao moja kwa moja, kinatanuka, nilishapasua kimoja hivyo.

Alafu kabla hujaanza kutumia ile hewa liache boksi juani siku mbili feni ikiwa inapuliza nje, rangi mpya inatoa harufu mpaka iive.

---

mwalimu_joto:

Kuna jambo moja dogo naona limepita bila kusemwa na ni la bei ya kopo la rangi. BatiJeusi, ukihamia kwenye muundo wa Fundi_Hewa, PAKA RANGI NYEUSI CHINI YA BATI PIA, na uso wa juu wa lile bati la pili. Bati jipya linang'aa, na bati linalong'aa linatoa mionzi ya joto kidogo tu. Kati ya mabati mawili yanayong'aa, kwenye joto la 60°C hivi, mionzi inapeleka kama wati 1.2 tu kwa mita ya mraba kwa digrii. Yakiwa meusi yote mawili inakuwa kama 6.7. Linganisha na zile 8 au 9 za hewa yenyewe! Bati la chini linapata moto kwa mionzi, nalo linaanza kuipasha hewa kutoka chini, kwa hiyo hewa inachota pande mbili. Hakuna msuguano ulioongezeka hata paskali moja.

Na kuhusu mbavu dhidi ya wavu mi siamui, ila BatiJeusi ameshalipaka bati na analo, ajaribu hatua kwa hatua apime kila hatua, tujifunze sote. Tafadhali usibadilishe vitu vitatu kwa mpigo.

---

BatiJeusi:

Wakuu nimerudi, samahani nimekawia, nilikuwa nasubiri siku za jua linalofanana, zote nimepima kipimo kikisoma karibu na 800 na hewa ya kuingia 24, saa sita mchana.

Nilivyofungua boksi Kizibo77 ulikuwa sahihi, foamu katikati imezama kama bakuli na imeshikana na bati, nimeibandua kwa kisu. Nimeweka sufi ya mawe sentimita 5 na pembeni pia. Nyuzi za Fundi_Hewa nilibandika 24, tisa zilikuwa zimelala kabisa, zote kona mbili zile. Nikajenga vyumba vya kugawia hewa, baada ya hapo zote zikacheza, zile za ukingoni kidogo kidogo.

Hatua ya kwanza: hewa chini ya bati, mwanya sentimita 2.5, mabati yanang'aa upande wa ndani, feni nimebadilisha nimeweka bloa ndogo ya volti 12 inayokula wati 9. Mfuko unajaa sekunde 4.5. Hewa inatoka na 37.2. Nikakaa chini nikaitazama ile namba, 37 ile ile! Nilitaka kukata tamaa mpaka nilipopiga hesabu ya mwalimu: wati 670. Joto la hewa halijabadilika, wati zimepanda mara mbili na nusu. Bati sasa 68.

Hatua ya pili: rangi nyeusi chini ya bati na bati la pili, basi. Sekunde 4.5 zile zile, hewa 38.7, wati 740. Bati 63. Kopo moja la rangi, wati 70. Mwalimu shukrani sana.

Hatua ya tatu: waya milimita 1.5 kila milimita 15, nyuzi 132, nimetumia jioni tatu, vidole vimeota sugu. Mfuko sekunde 4.8, kwa hiyo msuguano umeonekana, hewa imepungua kidogo. Hewa inatoka na 41. Wati 800. Bati 55, unaweka kiganja unahesabu mpaka tatu ndo unatoa, zamani nilikuwa naruka.

Kutoka asilimia 17 hadi 50. Swali langu la mwisho, nikiongeza bloa ya pili nipate hewa mara mbili, nitafika wapi?

---

Fundi_Hewa:

Hongera sana ndugu, hizo namba zinapendeza, na zimekaa mle mle zinapotakiwa kukaa.

Bloa ya pili mi ningeacha. Nguvu ya kusukuma hewa inapanda kwa mchemraba, hewa mara mbili ni nguvu mara nane, wati zako 9 zinakimbilia 70. Bati lako liko 55 na hewa ya nje ni 24, joto linalobaki la kuokoa si jingi tena, ungeongeza labda wati mia na kidogo huku umeme wa feni unakula sehemu kubwa ya hizo, na hewa yenyewe itatoka na 34 hivi. Kama matumizi yako yanataka hewa nyingi isiyo moto sana, sawa, ila hapo ni nafuu kujenga boksi la pili uliweke sambamba na hili, kila moja lipate hewa yake.

Ukitaka kuendelea kukamua hili hili, jaribu bamba la kioo la pili sasa. Mwanzo lisingekusaidia kivile, sasa ndo lina maana maana upande wa hewa umeshatibu, kinachovuja kwa wingi ni juu.

---

WavuWaya:

BatiJeusi namba nzuri hizo, nimekubali. Jumamosi napima boksi langu la wavu kwa mfuko wa lita 200 kama ulivyofanya, nitakuja kuziweka hapa hapa ziwe karibu na zako. Kipimo cha jua ninacho, cha hewa ndo sikuwahi kupima hata siku moja, nilikuwa naangalia digrii tu.

---

BatiJeusi:

Nakusubiri mkuu. Kumbuka kuikingia sensa foili, na pima mara tano, mimi ya kwanza kila siku ilitoka tofauti na zingine kwa sababu mfuko ulikuwa na hewa imebaki kwenye mikunjo ya chini.